Tuliogopa arosto ya unga, ya pombe tukaipigia makofi

Baba mdogo alikunywa mara ya mwisho usiku wa kuandama mwezi, Ramadhani ya mwaka 2018. Alirudi nyumbani kwetu Magomeni saa nne usiku, akaoga, akavaa kanzu, akamfuata mama jikoni. "Shemeji," akamwambia, "mimi na pombe basi. Mwezi huu umenikuta mchafu, hautaniacha mchafu." Mama akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Shangazi akapiga kigelegele. Sisi watoto wa kaka yake tukampigia makofi, maana mtu huyu tumemjua mlevi tangu tukiwa wadogo: alianza na mnazi kwao Muheza, akaja mjini akahamia kwenye viroba, pombe kali ya vipakiti, na serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, akashuka kwenye gongo.

Futari ya kwanza hakuweza kushika kikombe. Uji wa pilipili manga ulimwagikia kanzu, kikombe kikigongana na meno kiasi cha kusikika na mtu aliyekaa upande wa pili wa mkeka. Jasho lilikuwa linamtiririka na feni inazunguka. Tukasema swaumu ya kwanza hiyo, itazoeleka. Mama akamwekea tambi zaidi.

Wakati wa daku tukasikia kishindo chooni. Tulimkuta chini, mwili unakakamaa na kuachia, povu mdomoni, ulimi ameung'ata. Kifafa hakuwa nacho, hata siku moja. Alipozinduka alisema yuko sawa, na kwa kuwa alikuwa ametia nia, akaendelea kufunga.

Siku ya tatu ndiyo sitaisahau. Alikaa kwenye mkeka uani, macho yametoka, anapangusa miguu akisema siafu wamejaa. Hakukuwa na siafu. Halafu akatulia, akainama mbele, mikono yote miwili ikaanza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa mdundo. Mimi nilikuwa wa mwisho kuelewa anachofanya. Baba mdogo ni fundi seremala. Alikuwa anapiga randa. Ubao haupo, randa haipo, lakini kila baada ya mikupuo kadhaa alisimama, akafumba jicho moja kutazama kama ubao umenyooka, akapuliza vumbi, akaendelea.

Shangazi akasema amepandisha. Jirani akasema karogwa na wenzake wa kilabuni, hawataki aache. Akaletwa ustadhi, akamsomea, akamwandikia kombe, akainywa. Jioni tukampeleka zahanati ya karibu. Pale wakamshika paji la uso, wakasema malaria imepanda kichwani, wakamtundikia dripu ya glukosi. Kipimo sikukiona. Siitaji zahanati hiyo kwa sababu zahanati nyingi zingefanya hivyohivyo, na kwa sababu sisi wenyewe hatukuwaambia ukweli.

Ukweli ulitoka usiku, hospitali kubwa tulikohamishiwa. Daktari kijana, macho mekundu kwa usingizi, aliuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho amekunywa pombe lini?"

Kimya. Kwetu pombe haitajwi mbele ya wageni.

"Huyu hanywi," mama akasema. Na kwa hesabu yake hakusema uongo.

"Hajawahi kunywa?"

"Ameacha."

"Ameacha lini?"

"Usiku wa kuamkia mwezi mosi."

Daktari akahesabu kwa vidole, akaweka kalamu mezani, akamwita nesi.

Alichotueleza baadaye nimekirudia kwa watu wengi mno, maana hakuna aliyewahi kutuambia. Pombe ni mkono unaoubonyeza ubongo utulie. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao haukubali kukaa umebonyezwa; unasukuma upande wake. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, huyu huku, huyu kule, mlango umesimama palepale. Sasa mmoja akiondoka ghafla, yule mwingine anaingia kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho mtaani huitwa arosto. Kutetemeka na jasho huanza saa 6 hadi 12 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuweweseka, kuona siafu, homa, moyo kwenda mbio, ni kati ya saa 48 na 96. Nikikumbuka zile siku tatu, baba mdogo alikuwa anafuata ratiba kama treni, na sisi tumekaa stesheni tunabishana kama ni majini au malaria.

Na hatua hiyo ya mwisho huua. Bila matibabu, vifo hufika hadi theluthi ya wanaoifikia. Wakiwahiwa, ni chini ya 5 kwa kila 100. Kuwahiwa kwenyewe si mashine ya ajabu: ni diazepamu, ile inayojulikana mitaani kama valiamu, inayotolewa kwa kipimo na kupunguzwa siku hadi siku ili ule mlango ufunguke taratibu, ni maji na chumvi za mwili, ni vitamini B1 ya sindano, ni nesi wa kumwangalia usiku kucha. (Wapo watakaosoma hapa wakakimbilia duka la dawa kununua valiamu wampe mtu wao nyumbani. Msifanye hivyo. Ikikutana na pombe ndani ya mwili mmoja, mtu hulala akasahau kupumua.)

Watu wa vilabuni wanalijua jambo hili bila kujua kwamba wanalijua. Wana neno lake: kuzimua. Asubuhi mikono inatetemeka, mtu anakunywa kidogo, mikono inatulia, anaenda kazini. Sisi tunacheka, tunaona ni uroho. Daktari alituambia mtu anayehitaji kuzimua kila asubuhi ndiye hasa asiyepaswa kuacha kwa kiapo cha usiku mmoja. Aletwe kwanza hospitali, aachie huko.

Kilichoniumiza ni kwamba nyumba yetu haikuwa ngeni na mambo haya. Tulikuwa na mtaalamu ndani.

Kaka yangu alikuwa konda wa daladala. Aliingia kwenye unga, yaani heroini, kwa mlango ambao wengi wa rika lake waliingilia: kokteli, yaani msokoto wa bangi uliochanganywa na unga, mwanzoni bila hata kuambiwa kilichomo. Kutoka kuvuta akafika kujidunga. Wakubwa wa maskani wanasema zamani ulikuja unga wa kahawia, wa kuvuta. Ulipoingia mweupe, unaoyeyuka kwenye maji bila taabu, ndipo sindano zikaanza kuonekana kwenye mitaro yetu. Kufikia mwaka 2009 nyumbani hapakuwa na sufuria zenye mifuniko, na mtaani hapakuwa na gari lenye vioo vya pembeni vyote viwili.

Mama akaamua. Akamfungia chumba cha uani, komeo kwa nje, ndoo ndani, dirisha lenye nondo. Siku ya kwanza ni miayo tu, kamasi na machozi, kama mwenye mafua. Siku ya pili na ya tatu, arosto yenyewe. Ngozi ilimsimama kama ya kuku aliyenyonyolewa. Alihara, alitapika, miguu ilirusha mateke yenyewe kitandani, na alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima: mifupa, mama, mifupa. Mama alikaa nje ya mlango anasoma Yasini. Majirani walimwambia mfungulie, atakufia humo. Hakufungua. Siku ya nane kaka alitoka, amekonda, akala chapati nne na kikombe cha chai ya maziwa, na mtaa mzima ukaja kumtazama.

Hapo ndipo tulipojifunza somo lisilo sahihi. Tuliona kwa macho yetu mateso ya unga, tukaona mtu ametoka hai, tukahitimisha: kama arosto ya unga mtu anaivuka, ya pombe ni nini? Pombe si inauzwa dukani? Kumbe mambo ni kinyume. Arosto ya unga humtesa mtu mpaka aombe kufa, lakini kuua kwenyewe ni nadra, na mara nyingi ni maji yanayokwisha mwilini kwa kuhara na kutapika. Ya pombe huanza kwa kutetemesha kikombe cha uji na inaweza kuishia makaburini. Valiamu nazo, kwa aliyezimeza kila siku kwa muda mrefu, ni ndugu wa pombe kwa hili; zikikatishwa ghafla degedege ni hilohilo.

Unga una mtego wake, nao hauko kwenye arosto. Uko baada yake.

Wiki tatu baada ya zile chapati nne, kaka alinenepa, alinyoa, alianza kuswali jamaa. Siku moja akapita maskani kudai pesa yake. Wenzake wakamkaribisha. Akapiga kiasi kilekile alichokuwa akipiga kabla ya kufungiwa. Mwili uliokuwa umezoea haukuwepo tena. Ule uliotoka chumba cha uani ulikuwa mwili mgeni, na kete ya jana, yaani kile kipimo chake cha unga, kwake ilikuwa sumu. Nilipofika alikuwa amelala chali nyuma ya gereji, anakoroma mkoromo mzito wenye mapengo marefu, midomo rangi ya zambarau. Mmoja alikuwa anammwagia maji. Mwingine anatafuta bomba la sindano amdunge maji ya chumvi, ndiyo tiba ya maskani, isiyotibu chochote. Tulimbeba kwenye bajaji. Hospitalini akadungwa sindano moja, na baada ya dakika chache akaketi, akatutazama kwa hasira kama tuliomwamsha usingizini. Dawa inaitwa naloksoni. Huusukuma unga utoke ulipojishika kwenye ubongo, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya unga, kwa hiyo hawakumruhusu aondoke, maana angeweza kuzama tena. Alikasirika kwa hilo pia.

Mama alikaa benchi la hospitali akarudia sentensi moja: "Si alikuwa amepona? Si alikuwa amepona?"

Alikuwa amesafishwa. Kwa Kiswahili chetu tunasema mtu "yuko safi", na neno hilo limetuponza. Wiki ya kutoa sumu mwilini ni kazi ya mwili. Ini na figo zinajua zifanye nini. Lakini ile njia aliyoichonga kichwani kwa miaka sita, kwamba nikiwa na huzuni naenda pale, nikipata pesa naenda pale, nikisikia harufu ya karatasi ya sigara inaungua naenda pale, haioshwi na ndoo za chumba cha uani.

Baada ya hapo tulimvusha Unguja, akakaa soba hausi, nyumba ya wanaoacha ulevi, miezi minne. Tulitakiwa kumpeleka na godoro, ndoo na ada ya mwezi. Wanaoendesha ni watu waliokuwa kwenye unga wenyewe. Jioni wanakaa duara, kila mmoja anataja jina lake na kusema ni mraibu. Wanafuata hatua 12, zilizotokana na chama cha walevi wanaosaidiana kilichoanza Akron, Ohio, mwaka 1935, na bado sijazoea kuona jambo la Wamarekani wa miaka ile likisomwa kwenye baraza la Unguja baada ya swala ya magharibi, tena likaingia vizuri tu. Alijifunza kusema ukweli pale. Kabla ya hapo, hata saa alikuwa anadanganya. Aliporudi Dar alikaa miezi miwili, akaanguka tena. Nawajua walioshikilia moja kwa moja kutokea soba hausi. Yeye hakushikilia.

Kilichomshika ni kikombe cha plastiki.

Kliniki ya kwanza nchini ya methadoni, dawa wanayopewa walioacha unga, ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, kisha ikafuata Mwananyamala, ambako kwetu ni karibu. Kaka aliandikishwa mwaka 2013. Kila asubuhi, Jumapili na Idi zikiwemo, anafika dirishani, anataja jina, nesi anampimia dawa ya maji, anakunywa mbele yake, anakunywa na maji juu yake, kisha anaongea neno mbili tatu ionekane imeshuka. Basi. Alianzishiwa kiasi kidogo, kikapandishwa polepole mpaka siku aliyosema, "Leo nimeamka sijawaza kete." Nakumbuka alikuwa anafunga kamba za viatu.

Maneno ya watu hayakukosekana. Kabadilisha bwana tu. Anatoka dawa hii anaingia hii. Hata mama alisema. Na ni kweli methadoni iko ukoo mmoja na heroini; ukiikatisha ghafla, arosto yake ipo, na ni ndefu. Tofauti iko kwenye saa. Kete inampandisha mtu na kumwangusha ndani ya saa chache, kwa hiyo siku nzima ni kutafuta: iba, uza, piga, anguka, iba. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi, haimpandishi aliyeizoea, haimwangushi. Mtu anabaki na saa nyingine 23 za kufanya mambo. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, lakini mimi sikushawishiwa na orodha. Nilishawishika siku kaka alipoachiwa pesa ya kodi ya nyumba mezani, akaenda dukani, akarudi, ipo.

Si rahisi, msije mkadhani naiuza. Inafunga choo, inatoa jasho. Mwaka alioumwa kifua kikuu, arosto ilimrudia akiwa kwenye dozi ileile, akaanza kushukiwa kwamba anauza dawa yake. Kumbe rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inalifanya ini liimalize methadoni haraka, ikabidi dozi ipandishwe. Na inamfunga mguu. Bibi alipofariki Muheza, mwezi wa sita, kaka alikunywa dozi asubuhi, akapanda basi, akafika tukiwa tunatoka msikitini kwenda makaburini. Akashika jembe. Jioni matanga yakiwa ndiyo yanatandikwa mikeka, akamtafuta dereva wa lori la machungwa, akapanda juu ya mzigo, alfajiri akashukia Dar. Asubuhi ile alipanga foleni Mwananyamala na udongo wa kaburi la bibi bado uko kwenye kucha. Wajomba walisema hana adabu, hakukaa hata usiku mmoja.

Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya. Kaka alinisomea habari hiyo gazetini, akacheka mpaka akakohoa. "Kilo elfu na thelathini na mbili. Na mimi nilipigwa na wananchi kwa kioo cha Korola."

Huyo ndiye mtaalamu tuliyekuwa naye ndani usiku ule wa Ramadhani, na hatukumuuliza. Alikuwepo kwenye futari ya kwanza. Aliona kikombe kinatetemeka, akaniambia pembeni, "Hii ni arosto," nikamjibu kwa mkato kwamba pombe haina arosto, pombe ina uchovu. Nilimjibu hivyo kwa sababu alikuwa teja. Mwaka wa tano bila unga, na bado nilimsikia kama teja.

Baba mdogo hakufa. Alikaa wodini siku 11. Lakini kuna kitu hakikurudi. Miaka ya kunywa bila kula ilikuwa imemaliza vitamini B1 mwilini, na ubongo usipoipata hufa sehemu inayoweka kumbukumbu mpya. Vitamini hiyo ilitakiwa itangulie ile dripu ya glukosi, maana sukari hukomba hata kile kidogo kilichobaki. Daktari hakusema ni dripu iliyomharibu. Alisema huenda alishaanza kuharibika kabla. Sijui nimlaumu nani, na kwa kweli nimechoka kulaumu.

Sasa anaishi na sisi. Mambo ya Muheza ya miaka ya sabini anayo yote, hadi majina ya mbwa. Ya leo asubuhi hana. Ukitoka chumbani ukarudi, anakuuliza umefika lini na safari ilikuwaje, kwa furaha ileile. Usipomjibu anajijazia: atakuambia jana mlikuwa wote Korogwe kwenye harusi, na atakueleza pilau ilivyokuwa.

Mikono haikusahau. Tulimwekea benchi uani, pembeni ya kile chumba. Ukimpa ubao anaupiga randa vizuri kuliko mafundi wengi wa Keko, anafumba jicho, anatazama, anapuliza. Hakumbuki ni wa nani wala wa kazi gani. Kaka ndiye mwenye daftari: anaandika vipimo, anapokea wateja, anakata, anampa ubao unaofuata. Stuli zao zinauzwa.

Kaka hufika kutoka Mwananyamala kama saa mbili na nusu. Baba mdogo anamwona mlangoni, anasimamisha randa, anamkumbuka ni nani, na anakumbuka jambo moja la zamani linalomhusu. Uso unamsinyaa.

"Mwanangu, ule unga umeacha?"

Ameulizwa hivyo kila siku kwa miaka. Kuna siku huulizwa mara nne kabla ya adhuhuri. Sijawahi kumsikia akijibu kwa ukali.

"Leo sijagusa, baba mdogo. Nimetoka kunywa dawa."

"Alhamdulillahi," anasema mzee, na kila mara ni habari mpya kwake. Anamtazama juu hadi chini, anacheka, anarudi kwenye ubao.